Habari za Muziki Utungwao Papo Hapo

Nilipokuwa kijana, mwalimu mpya hapa Kenyamonta, palikuwa na mzee mmoja aliyesifiwa sana kwa kupiga litungu. Ninyi mwakijua chombo hicho: kina tumbo la mti lililowambwa ngozi, na nyuzi nane, naye mpigaji huketi akazidonoa kwa vidole vya mikono yote miwili. Nilimwomba aje shuleni nipate kuuandika wimbo wake kwa do, re, mi, usije ukapotea. Akaja jioni, akapiga, nami nikaandika. Kesho yake nikamwomba aurudie ili nisahihishe niliyoyaandika. Akaupiga tena, lakini sauti nyingi hazikuwa zile za jana.

Nikamwambia, "Mzee, umekosea."

Akacheka, akasema, "Sikukosea, mwanangu. Jana niliwapigia wazee, leo nawapigia watoto. Wimbo ni ule ule."

Sikumsadiki. Alipokwisha kwenda zake niliwaambia wanafunzi ya kuwa mzee ameanza kusahau.

Ilipita miaka mingi kabla sijayafahamu maneno yake. Walionifahamisha ni watu watatu wa Ufaransa, ambao sikuwaona kamwe, ila niliusikia muziki wao redioni. Wa kwanza, Jacques Loussier, alipiga piano. Wa pili, Pierre Michelot, alipiga besi, nayo ni fidla kubwa kuliko mtu, isimamishwayo sakafuni na kudonolewa kwa vidole. Wa tatu, Christian Garros, alipiga ngoma. Mwaka 1959 watatu hao walianza kutoa santuri za nyimbo za Johann Sebastian Bach, bwana mkubwa wa muziki wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1685 na kufa mwaka 1750. Lakini hawakuzipiga kama zilivyoandikwa.

Hapo lazima nieleze kidogo. Katika muziki wa Ulaya wa namna ile, mtungaji huandika kila sauti katika karatasi, na mpigaji kazi yake ni kusoma na kutii. Akizidisha sauti moja, amekosa. Ndivyo tulivyofundishwa sisi waalimu, na ndivyo kwaya yetu iimbavyo. Muziki uitwao jazi una desturi nyingine. Ulizaliwa kwa watu weusi wa Marekani, katika mji wa New Orleans, karibu na mwanzo wa karne ya 20. Katika jazi wimbo hupigwa kwanza jinsi unavyojulikana na watu, kisha mpigaji mmoja huuacha, akatunga wimbo mpya pale pale, mbele ya wasikilizaji, asiwe na karatasi yoyote. (Msiuchanganye na muziki wa Morogoro Jazz au Tabora Jazz. Bendi zile zilichukua jina hilo, lakini muziki wao ulikuwa wa dansi, nao ni mzuri kwa namna yake.)

Je, mtu akitunga papo hapo, wenzake hufanyaje wasipotee? Hiyo ndiyo siri yenyewe, na watatu wale waionyesha wazi. Chini ya kila wimbo mna njia, yaani mfululizo wa sauti zifuatanazo kwa utaratibu, nao ukiisha huanza tena. Michelot aliishika njia ile kwa besi yake, Garros akayapima mapigo kwa ngoma, hata Loussier akapata kwenda mbali kwa piano bila kupotea, kama mchungaji aiachaye njia kutafuta maji, naye ajua mto uko upande gani. Kila mmoja huwasikiliza wenzake wawili. Piano ikipunguza nguvu, ngoma nayo hunyamaza kidogo. Besi ikipewa nafasi ya kusema peke yake, piano hungoja. Mwisho wote watatu hurudi pamoja katika wimbo wa Bach, na msikilizaji huutambua kama mtu amtambuavyo ndugu yake atokaye safarini. Nao wakiupiga siku nyingine, mwanzo na mwisho hufanana, lakini katikati ni mapya.

Wako watu waliochukizwa, wakasema ni kumvunjia heshima Bach. Lakini Bach mwenyewe alikuwa fundi wa kutunga papo hapo, na habari yake moja yajulikana sana.

Mwezi wa Mei mwaka 1747, Bach akiwa mzee wa miaka 62, alifika Potsdam kwa Mfalme Frederick wa Prussia, ambaye mwanawe Bach alikuwa mpigaji wake. Mfalme alipenda muziki, naye alipiga filimbi. Alikuwa na piano mpya kadha wa kadha katika vyumba vya nyumba yake, akampitisha mzee chumba kwa chumba azijaribu. Ndipo Bach alipomwomba mfalme ampe wimbo mfupi. Mfalme akampa, nao ulikuwa mgumu. Pale pale, bila kuandika, Bach akautengeneza kwa namna iitwayo fuga. (Jina hili lisiwakumbushe ng'ombe; ni neno la Kitaliano, na maana yake ni kukimbia.) Sauti ya kwanza huanza wimbo, ya pili huufuata nyuma, kisha ya tatu, nazo hufukuzana pasipo kugongana. Mfalme akataka kusikia fuga ya sauti sita. Bach akakubali, lakini akachagua wimbo wake mwenyewe, kwa kuwa si kila wimbo wafaa kwa kazi hiyo. Aliporudi kwake Leipzig aliufanyia kazi wimbo wa mfalme kwa karatasi, akaandika kitabu kizima na kumpelekea. Basi kitabu kile, ambacho watu wa leo hawathubutu kukibadili hata sauti moja, kilianza kwa vidole vya mzee na maneno ya mfalme, wala hapakuwa na wino.

Wala msidhani ya kuwa twahitaji kwenda Ulaya kuyaona haya. Unguja, ambako chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, wapigaji hutumia udi, kanuni na fidla, na wanayo desturi iitwayo taksimu. Mpigaji mmoja hupiga peke yake pasipo mapigo ya ngoma, akitunga kadiri aendavyo. Lakini hafanyi apendavyo. Ameshikwa na makamu, yaani jamii ya sauti zenye sheria zake: wapi pa kuanzia, wapi pa kupumzika, na wapi pa kurudi. Asiyeijua makamu, taksimu yake ni kelele tu, na wasikilizaji wa Unguja hutambua mara moja. Tangu mwaka 2002 kiko chuo cha muziki katika Mji Mkongwe, ambapo vijana hufundishwa taarabu na ngoma za kwao, na kusoma noti pia. Huko Unguja liko hata kundi liitwalo Tarajazz, ambalo jina lake lakuambia kazi yake: kuchanganya taarabu na jazi. Mchanganyiko huo wawezekana kwa sababu pande zote mbili zajua kutunga papo hapo. Mtu wa udi na mtu wa jazi hukutana pale ambapo karatasi haipo.

Nilipokwisha kuyajifunza haya, nilifungua daftari langu la zamani. Ukurasa wa kwanza una wimbo wa mzee wa jioni ile, wote. Wa pili una wimbo wa siku iliyofuata, nao nimeupiga mistari ya wino mwekundu, kama nifanyavyo katika hesabu zenu zilizokosewa. Nikaitazama tena mistari miwili ya mwanzo, nikaona ya kuwa huanza mahali pamoja, hupumzika mahali pamoja, na kurudi mahali pamoja. Katikati tu ndipo penye tofauti, na pale penye tofauti mkono wa siku ya pili ni mwepesi zaidi, kama wa mtu achezaye na watoto.

Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Wino ule haufutiki, lakini sauti zilizo chini yake bado zasomeka, na kwaya ya darasa la saba wameanza kuziimba.