Skrini ya Mkurugenzi Ianze na Swali Lake

Mwaka 1975, Robert Ormsby aliiongoza Lockheed-Georgia, kampuni ya kutengeneza ndege huko Marekani. Ripoti hazikumpungukia. Tatizo lilikuwa kwamba alichokitaka kilitawanyika kwenye makabrasha manene, na idara mbili zikiulizwa jambo moja zilitoa majibu mawili. Mwaka 1978 kikundi kidogo cha wataalamu kilianza kumjengea mfumo wake wa taarifa wa kompyuta, ulioitwa MIDS. Baada ya miezi sita ulikuwa na kurasa 31 tu, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimepita 700.

Kila nikiombwa ushauri kuhusu dashibodi ya mtendaji mkuu, huwa naurejea mfumo huo, na kinachonivutia si teknolojia yake. Kila ukurasa ulionyesha tarehe takwimu zilipohuishwa, zilikotoka, na majina ya wanaohusika pamoja na namba zao za simu. Bosi akiona jambo lisilo la kawaida, alijua papo hapo ampigie nani.

Hilo linaendana kabisa na kazi ya wakubwa ilivyo. Henry Mintzberg, mtafiti wa Kanada, aliwafuatilia wakurugenzi watano na mwaka 1973 akachapisha aliyoyaona: karibu nusu ya shughuli zao hazikufika dakika tisa, na sehemu kubwa ya muda wao ilikwenda kwenye mazungumzo. Mtu wa namna hiyo hatafuti jedwali la kurasa sitini. Anatafuta kujua wapi pameharibika na azungumze na nani.

Wabunifu wengi huanza kinyume. Huangalia data iliyopo, wakaichorea grafu, kisha wakampelekea mkubwa. Au humuuliza anataka taarifa gani, naye, kwa kuogopa kukosa kitu, anataka zote. John Rockart wa MIT alipendekeza njia bora mwaka 1979: kaa na kiongozi, mtafute pamoja yale mambo machache ambayo yakienda kombo shirika zima linayumba, ndipo mwamue yatapimwaje.

Chukua mkurugenzi wa mamlaka ya maji. Ukimhoji hivyo, hatachelewa kufika kwenye maji yanayopotea. Basi skrini yake imwonyeshe, kanda kwa kanda, maji yaliyosukumwa na maji yaliyolipiwa ankara. Kanda moja ikiwaka nyekundu, chini yake pawe na maelezo ya meneja wa kanda kwa maneno yake: bomba kuu limepasuka, mafundi wako eneo la tukio, huduma itarejea jioni. Sentensi hiyo moja humsaidia kuamua kuliko grafu tano, na hakuna kompyuta itakayoiandika bila mtu mwenye jukumu la kuiandika kila siku. Ndiyo maana nasisitiza bajeti ya mfumo iwe na mishahara ya wachambuzi, si ya leseni na mitambo peke yake.

Rangi nazo zina hatari yake. Meneja akigombezwa hadharani kwa sababu ya nyekundu, mwezi unaofuata ataleta kijani hata kama maji yanamwagika barabarani. Programu haiwezi kuzuia hilo. Anayeweza ni mkurugenzi, kwa namna anavyozipokea habari mbaya.

Lakini kazi inayorukwa kuliko zote ni kukubaliana maana. Idara ya fedha ikisema "mteja", inamaanisha anayepelekewa ankara. Mafundi wanamaanisha kila nyumba yenye dira, hata iliyokatiwa huduma. Takwimu zote mbili ni sahihi, na zikikutana kwenye skrini moja, mkurugenzi ataacha kuiamini. Lockheed-Georgia waliliona mapema na wakaweka tafsiri moja ya kila istilahi ndani ya mfumo wenyewe. Kikao cha kukubaliana maana hizo aitishe mkurugenzi mwenyewe, wakuu wa idara wote wawepo, kabla mwandishi wa programu hajagusa kompyuta.