Mzee akihitaji matunzo England: semeni mapema

Wapo wenye wazazi England wasioweza tena kuoga wala kwenda chooni bila msaada. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 inailazimu halmashauri kutathmini mahitaji ya mzee kama huyo bure, awe tajiri au maskini. Kisha hutazama mali: mwenye zaidi ya pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia, ila akihudumiwa nyumbani, nyumba anayoishi haihesabiwi.

Mara nyingi wahudumu si wa halmashauri, bali wa makampuni iliyoingia nayo mkataba. Basi siku ya tathmini elezeni: mama ahudumiwe na mwanamke, maji ya kustanji yawepo, chakula kiwe halali. Hakikisheni yameandikwa katika mpango wa matunzo. Mhudumu huanzia hapo.