Tiara za nguvu: ukubwa upimwe kwa upepo, si kwa bei

MFANYABIASHARA mdogo wa Msimbazi anayefikiria kuagiza tiara za nguvu, pamoja na mnunuzi anayetafuta moja ya kujifunzia, wanatakiwa kujua jambo moja kabla ya kufungua pochi. Bidhaa hii haichaguliwi kwa bei wala kwa rangi. Huchaguliwa kwa upepo wa mahali itakaporushwa na kwa uzito wa mtu atakayeishika. Atakayepuuza hilo atakaa na mzigo usiotoka dukani, na mteja wake anaweza kuvunjika miguu.

Tiara si kitu kigeni Kariakoo. Watoto huitengeneza kwa karatasi ya gazeti, chelewa za makuti na uzi wa cherehani, na wenzao wa Unguja huiita kishada. Kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019, mfuko wa rambo nao ulikuwa malighafi. Tiara ya namna hiyo humfurahisha mtoto, lakini haina ubavu wa kumvuta.

Tiara ya nguvu ni chombo kingine. Imeshonwa kwa kitambaa chepesi cha nailoni au poliesta, ina kamba mbili au zaidi, na huongozwa kwenda kushoto na kulia. Ikipata upepo wa kutosha humburuta mtu mzima mchangani, au humtelezesha juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao.

SOKO LIKO PWANI

Wazo la kutumia tiara kama injini ni la zamani. Mwaka 1826 Mwingereza George Pocock alipata hataza ya gari lililovutwa na tiara barabarani. Katika miaka ya 1960 Domina Jalbert wa Marekani alibuni tiara ya mifuko inayojazwa na upepo wenyewe. Mwaka 1984 ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili tiara yenye mirija ya hewa inayoweza kuinuka tena ikianguka majini. Ilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1997, na mchezo ukaenea duniani. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024 mashindano ya tiara za majini yalifanyika Marseille kwa mara ya kwanza katika historia ya michezo hiyo.

Kwa Afrika Mashariki wateja wa bidhaa hii wako pwani: Paje na Jambiani kwa upande wa Unguja, Diani na Watamu kwa upande wa Kenya. Paje inapendwa kwa sababu mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuko huvunja mawimbi, na maji ya ndani ya mwamba huwa matulivu na mafupi. Zipo shule zinazofundisha na kukodisha vifaa.

Biashara hii hufuata pepo mbili ambazo wenye majahazi walizitegemea kwa karne nyingi. Kusi huvuma vizuri kuanzia Juni hadi Septemba. Kaskazi hushika kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari, na pengine huingia Machi. Kati ya misimu hiyo kuna masika na vuli, upepo hulegea na mauzo hulegea nao. Kwa kuwa meli kutoka China huchukua wiki kadhaa, na kutoa mzigo bandarini kuna siku zake, mwagizaji anayetaka kuuza katika kusi anapaswa kuwa na mzigo ghalani mwezi Mei. Wa kaskazi awe nao Novemba. Mzigo unaofika Machi utalala, na fedha italala pamoja nao.

AINA TATU

Ya kwanza ni tiara ya mifuko yenye kamba mbili, ukubwa wa mita za mraba 1.5 hadi 3. Haina fito wala pampu, hukunjwa na kuingia kwenye begi dogo. Hii ndiyo ya kujifunzia. Katika masoko ya nje mpya huuzwa kwa kiasi cha dola 100 hadi 250.

Ya pili ni ya mifuko yenye kamba nne na mishikio miwili, ambayo mara nyingi huwa ya mita za mraba 3 hadi 5. Kamba mbili za nyuma ni breki. Inafaa ufukwe mpana na mtu aliyekwisha kuimudu ile ya kwanza.

Ya tatu ni ya majini, yenye mirija inayojazwa hewa kwa pampu, mti wa kushikia na mkanda wa kiunoni. Zinazotumika zaidi ni za mita za mraba 7 hadi 12. Mpya mara nyingi huzidi dola 1,000, bila ubao wala mkanda.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtaji wa dola 1,200 unaoishia kwenye tiara moja ya majini unaweza kununua sita za kujifunzia za dola 200, kabla ya usafiri, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani. Tiara moja kubwa humfaa mteja mwenye uzito fulani katika upepo fulani. Sita ndogo zinamfaa karibu kila mtu mzima anayeanza.

KANUNI YA UKUBWA

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, mvuto huongezeka mara nne. Tiara iliyokuwa tulivu asubuhi katika upepo wa kilomita 20 kwa saa huvuta zaidi ya mara mbili upepo unapofika kilomita 30 mchana. Hapa ndipo wanaonunua tiara kubwa kwa hoja ya kupata kitambaa kingi kwa bei ndogo wanapoumia.

Warushaji wa majini wana kanuni ya kukadiria: chukua uzito wa mtu kwa kilo, zidisha kwa 4, kisha gawanya kwa kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa. Jibu ni ukubwa wa tiara kwa mita za mraba.

Mtu wa kilo 70, upepo wa kilomita 28: mita 10.
Mtu wa kilo 70, upepo wa kilomita 35: mita 8.
Mtu wa kilo 70, upepo wa kilomita 40: mita 7.
Mtu wa kilo 60, upepo wa kilomita 30: mita 8.
Mtu wa kilo 90, upepo wa kilomita 30: mita 12.

Haya ni makadirio ya mtu aliyekwisha kufundishwa, akiwa majini na ubao wa kawaida. Anayeanza hupunguza ukubwa, haongezi. Kanuni hii haitumiki nchi kavu, kwa kuwa maji hupokea anayeanguka na ardhi haipokei. Nchi kavu mwanafunzi hubaki na tiara ya mita 2 hata kama ana kilo 90.

Kwa muuzaji, maana yake ni kwamba mteja aulizwe maswali matatu kabla ya kutajiwa bei: ana kilo ngapi, atarushia wapi, na amewahi kufundishwa? Muuzaji asiyeuliza atarudishiwa mzigo.

MITUMBA INA MITEGO

Tiara zilizotumika ndizo zinazowavutia wenye mtaji mdogo, na ndizo zinazohitaji jicho kali zaidi. Jambo la kwanza ni umri. Kuanzia mwaka 2005 zilitoka tiara za umbo la upinde ambazo mrushaji huweza kuziondolea karibu mvuto wote kwa kusukuma mti wa kushikia mbele. Nyingi za kabla ya hapo hazina uwezo huo. Hata zikiuzwa kwa bei ya kanga, hazimfai anayeanza.

Jambo la pili ni kitambaa. Adui yake mkubwa ni jua. Kitambaa kizima hulia kikifinyangwa, kama karatasi mpya. Kilichochoka huwa laini na kimya, na rangi yake imefifia. Hicho hakishoneki, kwa sababu sindano ikipita pembeni kinachanika upya.

Jambo la tatu ni mirija. Ijazwe hewa jioni na iachwe hadi asubuhi. Ikiwa imelegea, kuna tundu, au gundi ya valvu imeachia kwa joto. Tundu huzibwa kwa kiraka, lakini bei ishuke kwanza.

Jambo la nne ni kamba. Zifungwe zote kwenye msumari mmoja na zivutwe pamoja. Zisipolingana urefu, tiara itakwenda upande mmoja tu. Wasiojua hujaribu kubadilisha kamba kwa mshipi wa kuvulia samaki, na hilo ni kosa. Mshipi hunyumbuka, hivyo tiara huchelewa kutii mkono. Kamba zinazotakiwa ni za nyuzi maalumu zisizonyumbuka, na kwa tiara za majini kila moja hubeba uzito wa kilo zaidi ya 200.

Jambo la tano ni kifyatuo cha dharura. Kifyatuliwe mbele ya muuzaji. Kikikwama dukani, kitakwama majini.

KUANZA KURUSHA

Upepo wa kuanzia kwa tiara ya mita 2 ni wa kilomita 12 hadi 20 kwa saa. Asiye na kipimo atazame bendera nyepesi: ikikunjuka yote na majani ya miti yakitikisika bila kukoma, upepo unatosha. Ukianza kuinua vumbi na karatasi, umevuka kilomita 20, na mwanafunzi awe na msimamizi. Miti midogo ikiyumba, akunje vitu vyake. Siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) imetoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, tiara ibaki begini.

Mrushaji husimama akiupa upepo mgongo na kuifikiria anga iliyo mbele yake kama nusu ya uso wa saa. Saa 12 ni juu ya kichwa, 9 ni kushoto na 3 ni kulia, chini karibu na ardhi. Tiara ikiwa kwenye ukingo wa mduara huo huvuta kidogo. Ikikatiza katikati, mbele ya kifua, huvuta kwa nguvu zote. Kwa hiyo huipandisha polepole hadi 12, kisha huizoesha kwenda 11 na kurudi 1. Akilemewa, huachia mti wa kushikia. Kamba ya mkononi hubaki imeshika upande mmoja, na tiara huanguka yenyewe. Kuzungusha kamba kwenye kiganja ni marufuku, kwani ikikaza hukata vidole.

Mahali pana uzito sawa na kifaa. Mitaa ya Kariakoo haifai kabisa, kwa nyaya za umeme, maghorofa na watu. Kamba yenye unyevu ikigusa waya hupitisha umeme hadi mkononi. Ufukwe mpana wakati wa maji kupwa, usio na watu upande ambao upepo unaelekea, ndio unaofaa. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini uepukwe, kwani humpeleka mtu kusikorudika. Karibu na viwanja vya ndege tiara isirushwe.

Paje kuna jambo la ziada. Kilimo cha mwani kilianza huko kibiashara mwaka 1989, kabla ya mchezo huu kufika, na wakulima wake wengi ni wanawake. Vigingi na kamba zao hujificha chini ya maji bahari inapojaa. Mgeni anayepita juu yake huumia, na hukata riziki ya mtu. Mwenye kukodisha vifaa analazimika kumwonyesha mteja mipaka ya mashamba hayo.

NAFASI YA MSIMBAZI

Kwa mwenye mtaji mdogo, kuuza tiara za majini si mlango wa kwanza. Mlango wa kwanza ni vitu vinavyoisha na kununuliwa tena: viraka, gundi, valvu, pampu, mabegi na kamba za akiba. Wa pili ni ukarabati. Fundi cherehani anayejua mshono wa zigizaga, akipata kitambaa na uzi unaostahili, anaweza kuirudisha hewani tiara iliyochanika, na boti za Unguja hufika kwa saa mbili hivi. Wa tatu ni kukodisha tiara ndogo ufukweni, ambako daftari ni muhimu kuliko meza: tarehe, saa za jua, upepo na matengenezo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tiara iliyoachwa ikipepea juani kutwa huisha thamani hata kama hakuna aliyeikodi.

Kwa wanunuzi wa msimu ujao, ushauri ni kuanza na tiara moja ya mita 2 yenye kamba mbili, kuirusha hadi mkono uifuate bila kufikiri, kisha kulipia mafunzo ya majini kwa mwalimu mwenye cheti. Tiara kubwa inunuliwe baada ya hapo, kwa ukubwa ambao mwalimu ameuona ukimfaa.