Mashine Tatu za Michezo: Sura Zao na Gharama Zao

Mwezi wa Novemba 2006, mtu wa Marekani aliyeingia dukani kutafuta mashine ya michezo ya video alizikuta tatu, zilizotofautiana kwa uwezo na kwa thamani: Xbox 360 ya Microsoft, iliyotangulia sokoni kwa mwaka mmoja, kwa dola 299 au 399, PlayStation 3 ya Sony, kwa dola 499 au 599, na Wii ya Nintendo, kwa dola 250 kasoro senti moja. Wengi walilalamikia ughali wa Sony, na malalamiko yao yalikuwa na sababu, walakini kwa rai yangu hesabu waliyoipiga ilikuwa pungufu.

Tuanze na sura, maana ndiyo inayovuta macho. Picha za michezo hii huchorwa na kichakataji maalumu, na uzuri wake hutegemea kasi yake pamoja na ukubwa wa kumbukumbu inayokihudumia. Xbox na PlayStation zote zilipewa megabaiti 512. Lakini Microsoft iliiacha kumbukumbu hiyo iwe moja, mtunzi wa mchezo akaigawa apendavyo, hali Sony iliikata nusu kwa nusu, 256 kwa picha na 256 kwa kazi nyinginezo. Fauka ya hayo, kichakataji kikuu cha Sony, kiitwacho Cell, kilichoundwa kwa ushirika na IBM na Toshiba, kilikuwa na nguvu ya ajabu iliyotawanywa katika visaidizi vidogo vidogo, ambavyo mtunzi alilazimika kuvipangia kazi kwa taabu. Ndipo katika miaka ya awali michezo mingi iliyotolewa kwa mashine zote mbili ikaonekana safi zaidi katika ile ya bei nafuu. Ustadi ulipokomaa, mchezo wa Uncharted 2 wa mwaka 2009 ulidhihirisha hazina iliyokuwamo ndani ya Cell. Wii haikuingia katika shindano hilo: picha zake hazikupita mistari 480, ilhali wenzake walifika 720 na hata 1080.

Ama gharama, mwenye Xbox ya dola 399 aliyetaka kucheza na watu wa mbali kwa intaneti alitozwa ada ya dola 50 hivi kila mwaka, na akitaka kuunganishwa bila waya, alinunua kifaa cha dola 100. Kwa miaka minne jumla ni dola 699, kabla ya kununua mchezo hata mmoja. Na PlayStation ya dola 599 ilikuwa na yote mawili ndani ya bei yake, pamoja na uwezo wa kuonyesha filamu za Blu-ray, ambazo mwaka ule chombo chake peke yake kiliuzwa karibu dola 1,000. Sony yenyewe iliuza kwa hasara, ikitumaini faida ya michezo.

Tena picha hizo maridadi hazikuonekana sawasawa ila kwa televisheni mpya, ambayo aghalabu ilizidi bei ya mashine. Wii ilitosheka na televisheni ya zamani, ikamwacha mchezaji atikise mkono badala ya kubonyeza tu, na Nintendo ikapata faida tangu mwanzo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100, hali kila mmoja wa wapinzani wake alipita milioni 80. Mnunuzi wake wa Marekani hakudaiwa hata bei ya mchezo wa kwanza, kwani Wii Sports ulikuwamo sandukuni.