Meno ya kahawia hayasafishwi kwa mchanga

Ukizuru sehemu za Nakuru, Naivasha au Gilgil, utakutana na vijana ambao huziba mdomo kwa kiganja wanapocheka. Meno yao yana madoa ya kahawia, na wengi wao wamelaumiwa tangu utotoni kuwa hawapigi mswaki. Lawama hiyo haina msingi.

Ikiwa meno yako yalianza kubadilika rangi ukiwa mtu mzima, huenda sababu ni chai, kahawa, sigara au miraa. Uchafu wa aina hii hukaa juu ya jino na daktari wa meno anaweza kuusafisha. Madoa ya Bonde la Ufa ni jambo jingine. Huletwa na floraidi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano na kuyeyukia katika maji ya visima. Floraidi kidogo huimarisha meno, lakini ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kuna visima vya Bonde la Ufa vyenye kiasi hicho mara kadhaa.

Mtoto hudhurika wakati meno yake ya ukubwani yangali yakiundwa ndani ya ufizi, yaani hadi umri wa miaka 8 hivi. Gamba la jino hukosa kukomaa sawasawa. Jino huota likiwa na weupe wa chaki, na baadaye hugeuka kahawia.

Kwa hivyo doa limo ndani ya gamba lenyewe. Ukisugua kwa mchanga, majivu au ndimu utalimaliza gamba hilo, nalo halioti tena. Utabaki na meno yanayokuuma kila unywapo maji baridi, na doa lingalipo.

Daktari wa meno anaweza kupunguza madoa mepesi kwa kukwangua tabaka jembamba la juu au kwa dawa ya kung'arisha. Meno yaliyoharibika sana hufunikwa kwa kitu kigumu chenye rangi ya jino. Gharama si ndogo. Kama huna uwezo huo, jua kwamba unaweza bado kumwokoa mdogo wako au mtoto wako.

Usitegemee kuchemsha maji. Moto huua viini, lakini floraidi hubaki, na maji yanapopungua ndivyo inavyozidi kukolea. Kinga maji ya mvua uyaweke kando kwa watoto, ya kunywa na ya kupikia, au utumie chujio la mkaa wa mifupa. Punguza magadi unayotia katika maharagwe, kwani nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 apewe dawa ya meno isiyozidi punje ya njegere, naye afundishwe kuitema. Na mama anayenyonyesha asiwe na hofu: hata akinywa maji hayo ya kisima, maziwa yake huwa na floraidi kidogo mno. Hatari ni maziwa ya unga yanayokorogwa kwa maji yayo hayo.