Sonona na Imani (Sehemu ya Tatu): Mtunzi Aliyeshindwa Kuomba

Katika Tenzi za Rohoni umo wimbo juu ya damu ya Imanueli isafishayo dhambi. Wakristo wanaosali kwa Kiswahili wameuimba katika mikutano ya injili, wakati wa meza ya Bwana na kwenye misiba. Mtunzi wake ni Mwingereza, William Cowper, aliyeuandika alipokuwa na furaha ya wokovu. Muda si mrefu baadaye, kuanzia mwaka 1773 hadi alipofariki tarehe 25 Aprili 1800, mtu huyohuyo aliishi akiamini kwamba damu ile inawasafisha wengine, yeye haimhusu.

Juma lililopita tulimwacha Eliya akiwa njiani kwenda Horebu. Alikuwa ameomba afe chini ya mretemu, akalala, akaamshwa na malaika na kulishwa, akalala tena, akalishwa tena, ndipo akapata nguvu za kutembea. Ni habari njema kwa mgonjwa anayepona. Lakini yupo ndugu yetu ambaye amelishwa, ameombewa, amekesha na wanaomkesha, na bado asubuhi anaamka na uzito uleule kifuani. Huyu naye anaketi nasi ibadani, mara nyingi benchi la nyuma, na mara nyingi zaidi amebaki nyumbani. Kwa ajili yake nimemchagua Cowper.

Alizaliwa mwaka 1731 katika mji wa Berkhamsted, mwana wa kasisi wa Kianglikana. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 6, na pengo hilo halikuzibika maisha yake yote. Alisomea sheria. Mwaka 1763 alitakiwa kufanyiwa usaili kwa kazi ya ukarani katika bunge la Malodi, na hofu ikamwelemea hata akajaribu kujiua. Ndugu zake wakampeleka St Albans, kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili iliyoendeshwa na Dkt. Nathaniel Cotton, tabibu mcha Mungu aliyewatendea wagonjwa wake kwa upole katika zama ambazo wengi walifungwa minyororo. Cowper alikaa huko mwaka mmoja na nusu. Ni hukohuko, mwaka 1764, akisoma Waraka kwa Warumi, alipompokea Kristo kwa imani hai. Nawaomba wale wanaohubiri kwamba hospitali ya akili si mahali pa mtu wa Mungu walitafakari hilo: imani iliyozaa nyimbo tunazoimba leo ilichipuka ndani ya hospitali ya namna hiyo, chini ya uangalizi wa tabibu.

Mwaka 1767 alihamia mji mdogo wa Olney pamoja na Mary Unwin, mjane wa kasisi, ili wawe karibu na mchungaji wa hapo, John Newton. Newton alikuwa nahodha wa zamani wa meli za watumwa aliyeongoka. Wawili hao wakawa marafiki wa chanda na pete, wakatunga nyimbo kwa ajili ya waumini wa Olney, zilizochapishwa mwaka 1779 katika kitabu cha nyimbo 348. Wimbo wa Newton juu ya neema ya ajabu umo humo. Za Cowper ni zaidi kidogo ya 60. Zingekuwa nyingi zaidi, lakini Januari 1773 ugonjwa ulimrudia.

Mwezi uliofuata aliota ndoto, akasikia sauti ikimwambia kwamba amekwisha kupotea milele. Tangu hapo hakurudi tena kwenye ibada wala maombi, kwa kuwa aliona kuomba ni kumkosea heshima Mungu aliyekwisha kumkataa. Baadaye mwaka huohuo alisadiki kwamba Mungu anamdai ajitoe uhai wake kama Abrahamu alivyodaiwa mwanawe, na akajaribu tena kujiua. Aliokolewa.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu viongozi wengi wa makanisa hukwama mahali hapa. Sonona huja na dalili ambazo sasa zinajulikana vizuri: huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa majuma mawili au zaidi, usingizi kupotea au kuzidi, chakula kutopita kooni, uchovu usioisha kwa kulala, akili kushindwa kushika jambo, kujiona huna thamani, mawazo ya kifo. Huku kwetu wengi humwendea daktari kwa sababu ya kichwa kuuma, moyo kwenda mbio au mwili kuwaka moto, na vipimo visioneshe kitu. Hatia nayo ni dalili mojawapo, na inavaa nguo za kile mgonjwa anachokithamini zaidi. Mfanyabiashara ataamini amefilisika ilhali fedha zipo. Mama ataamini ameua wanawe kwa uzembe ilhali wanacheza uani. Mkristo ataamini ametenda dhambi isiyosameheka. Mchungaji akiisikia kauli hiyo huidhania toba, akaanza kuchimba: dhambi gani, lini, na nani? Mgonjwa, ambaye tayari anajihukumu usiku na mchana, hujikuta amepata mwendesha mashtaka wa pili.

Newton alijaribu kwanza kumjibu kwa hoja, na hoja alikuwa nazo, maana alikuwa mhubiri hodari. Hazikufua dafu. Alichofanya baadaye ndicho ninachotaka kila mzee wa kanisa akijue. Aprili 1773 kulikuwa na gulio la mwaka mjini Olney, na kelele zake zilimtesa Cowper, kwa hiyo akaja kulala nyumbani kwa mchungaji. Akakataa kuondoka. Newton na mkewe walimhifadhi yeye na Mary Unwin kwa zaidi ya mwaka mmoja, wakimwangalia asijidhuru. Newton aliomba shauri la Dkt. Cotton kuhusu tiba. Aliendelea kumwombea rafiki ambaye hakuweza kusema amina. Alipokuwa na nafuu kidogo, Cowper alishika kazi za mikono: bustani, useremala, na kuwafuga sungura-mwitu watatu aliopewa mwaka 1774. Kupitia kazi hizo akili yake ilipata mahali pa kupumzikia, hata akarudi kwenye ushairi na kuandika, pamoja na mengine, mashairi ya kupinga biashara ya utumwa.

Lakini hakupona moja kwa moja. Alifariki bila kupata tena uhakika wa wokovu. Newton, aliyehubiri katika kumbukumbu yake, hakuwa na shaka hata chembe kwamba rafiki yake yuko kwa Bwana. Je, alikuwa na haki ya kusadiki hivyo? Naamini alikuwa nayo, na msingi wake naupata katika Injili ya Marko sura ya 2. Mwenye kupooza analetwa Kapernaumu akiwa amebebwa na watu wanne. Mlango umejaa, wanatoboa dari, wanamteremsha. Marko anasema Yesu aliiona imani yao, kisha akamsamehe mwenye kupooza dhambi zake. Kuhusu imani ya mgonjwa mwenyewe hatuambiwi kitu. Hakusema neno, hakunyoosha mkono, hata kufika hakufika kwa miguu yake. Kwa hiyo tunapomwambia mtu mwenye sonona aongeze imani, tunamdai kile ambacho Bwana siku ile alikikubali kutoka kwa wabebaji.

Faraja ya imani kwa mgonjwa wa namna hii basi ina sura ya watu. Ni jumuiya inayohamia nyumbani kwake badala ya kuhesabu mara alizokosa. Ni dada anayekuja kupika na kukaa, asiyeudhika akinyamaziwa. Ni mtu mmoja anayemsomea zaburi asiyoweza kuisoma mwenyewe. Zaburi ya 88 inafaa sana, kwa sababu inaanza gizani na kumalizika gizani, na bado tangu mwanzo inaelekezwa kwa Mungu. Kanisa lililoihifadhi sala hiyo haliwezi kumlaumu muumini anayesali kwa sauti hiyo.

Na wabebaji wanapaswa kujua njia ya kwenda kwa daktari. Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonesha nafuu, ilhali maudhi madogomadogo hutangulia, ndiyo maana wengi huziacha mapema wakidhani hazifai. Mhudumu wa maombezi anayemwamuru mgonjwa atupe vidonge ili kuthibitisha uponyaji anacheza na uhai wa mtu, na mimi nasema hivyo nikiwa muumini wa maombi. Mgonjwa akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa pumzi.

Kuunganisha tiba na maombi si jambo geni kwetu. Katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, hospitali ya Lutindi imewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya karne moja. Ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani na sasa ni ya kanisa la Kilutheri. Huko wagonjwa hupata dawa na maombi, na wenye nguvu hushiriki kazi za shamba na karakana. Mengi yaliyomfaa Cowper pale Olney yanafanyika hapo.

Juma lijalo tutawageukia wachungaji wenyewe, maana nao huugua, na wengi huugua kwa siri wakiogopa kupoteza madhabahu. Tutaanza na Charles Spurgeon na mkasa wa ukumbi wa Surrey Gardens, Oktoba 1856.