Askofu msaidizi: ana fimbo, hana kiti

Kanisa kuu la Kianglikana lililoko Barabara ya Nkrumah, hapa Mombasa, lina kuba, na wageni huliona wakadhani ni msikiti. Huitwa kanisa kuu kwa kuwa ndani yake mna kiti cha askofu. Kiti ni kimoja, mwenyewe ni mmoja. Basi askofu msaidizi ni nani?

Ni askofu kamili. Amewekwa wakfu kama mwenzake, hutoa kipaimara, huwapa makasisi daraja. Alichokosa ni mamlaka yake mwenyewe: hufanya aliyokabidhiwa na askofu wa dayosisi. Wala si mrithi. Kiti kikibaki wazi anaweza kukikosa kama mtu mwingine yeyote.

Waingereza wana safragani, msaidizi mwenye cheo cha kudumu kinachobeba jina la mji. Sheria yao ya mwaka 1534, zama za Mfalme Henry wa Nane, ilitaja miji 26 ya kutumika hivyo. Baadaye cheo kikalala zaidi ya miaka 200, hadi kilipofufuliwa mwaka 1870 huko Dover na Nottingham. Huyo wa Dover si wa kudharauliwa: Askofu Mkuu wa Canterbury ana shughuli za dunia nzima, kwa hiyo dayosisi yake huendeshwa na msaidizi. Mwaka 2019 kazi hiyo alipewa Rose Hudson-Wilkin, mzaliwa wa Jamaika.

Kwetu kisa ni kizito zaidi. Mwaka 1955 Dayosisi ya Mombasa ilikuwa ni Kenya nzima, na nchi imo katika hali ya hatari. Mwezi Mei, Askofu Mkuu Geoffrey Fisher aliwaweka wakfu Festo Olang' na Obadiah Kariuki huko Namirembe, Kampala. Ndio Waafrika wa kwanza wa Kenya kuwa maaskofu wa Kianglikana. Lakini wote wawili waliwekwa wasaidizi chini ya Mwingereza, Leonard Beecher, na hata jina la mji wao wenyewe hawakupewa. Wapo watakaosema ilikuwa busara kwenda polepole. Mimi naona mlango uliegeshwa tu, haukufunguliwa.

Wakangoja miaka sita. Dayosisi ilipogawanywa mwaka 1961, Olang' akapewa Maseno na Kariuki akapewa Fort Hall, yaani Murang'a ya leo. Mwaka 1970 Olang' akawa Askofu Mkuu wa Kenya.